Tabu Imehamia Vichwani: Mafunzo Niliyopata kwa Nyaya za Faiba za Picha

Anayekodisha skrini za sherehe hapa Dar es Salaam huulizwa maswali yale yale: bei gani, skrini ina ukubwa gani, mtakuja kufunga saa ngapi. Sijamsikia mteja akiuliza kutoka kwenye meza ya mitambo hadi kwenye skrini kuna mita ngapi, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kamati ya harusi haitaki kuona mafundi mbele ya wageni, inawasukuma nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni. Kanisani meza iko juu kwenye roshani ya kwaya. Kwenye mahafali skrini iko upande mmoja wa uwanja na hema la mitambo liko upande wa pili. Ukipima unakuta mita hamsini, themanini, mia na ushee.

Kwa umbali huo natumia faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopeleka picha kwa mwanga badala ya umeme. Zimeniondolea kero nyingi. Lakini umbali ulipoacha kuwa tatizo, tatizo lenyewe halikwenda mbali: lilihamia kwenye vichwa viwili vya waya, na karibu yote niliyojifunza yanahusu vichwa hivyo.

1. Shaba haiagi ikiondoka

HDMI ilitoka mwaka 2002 kwa ajili ya sebule: deki hapa, televisheni pale, mita mbili katikati. Waya mzuri wa shaba hufikisha picha ya 1080p mita kumi, kumi na tano hivi. Picha ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde inataka njia ya biti bilioni 18 kila sekunde, kiwango kilicholetwa na HDMI 2.0 mwaka 2013, na hapo shaba hiyo hiyo huanza kuyumba ikishapita mita tano au zaidi kidogo.

Enzi za VGA waya ukirefuka ulikuonya. Picha inafifia, herufi zinaota vivuli, unajua mapema kwamba leo kuna kazi. HDMI haina ustaarabu huo. Picha inakuwa safi kabisa, kisha zinatokea nukta nyeupe zinazometameta, kisha giza.

Kwenye sherehe moja ya kumuaga binti, waya wa mita ishirini ulionunuliwa Kariakoo ulifanya kazi mchana kutwa na laptopu kuukuu ya ukumbini. Usiku kaka wa binti akaleta laptopu yake mpya yenye picha za utotoni. Akachomeka, skrini ikazima. Watu wakaanza kusema laptopu ina virusi. Ilikuwa nzima, ilikuwa inatoa 4K, kwa sababu mashine inayoongoza skrini iliiambia inapokea 4K. Tuliishusha hadi 1080p na picha zikaonekana, binti yuko darasa la kwanza, sare imempwaya.

Kichekesho ni kwamba 4K yenyewe haikuwa na pa kwenda. Skrini ile ya LED ilikuwa mita nne kwa tatu, ya paneli za nusu mita zenye nukta 128 kila upande. Piga hesabu: nukta 1024 kwa 768. Mashine ingepokea picha ya nukta zaidi ya milioni nane na kutupa tisa ya kumi yake. Kwa hiyo kabla hujakimbilia faiba, hesabu kwanza nukta za skrini. Mara nyingine dawa iko kwenye mipangilio ya laptopu na haigharimu kitu.

2. Kebo hii ina mwanzo na mwisho

Kebo ya HDMI ya faiba ukiitazama haitofautiani sana na ya shaba, ila ni nyembamba, nyepesi, na inalainika mkononi. Ndani ya kichwa kimoja kuna leza ndogo, kwa kawaida nne, moja kwa kila njia ya data. Ndani ya kichwa cha pili kuna vipokezi vinavyougeuza mwanga kuwa umeme tena. Leza haiwezi kupokea na kipokezi hakiwezi kuwaka. Kichwa kilichoandikwa "Source" kinakaa kwenye kompyuta, kilichoandikwa "Display" kinakaa kwenye skrini. Ukivigeuza, huoni kitu.

Kebo ikiwa juu ya meza, kosa hilo linarekebishika kwa sekunde chache. Ikiwa imeshapita darini, ni siku nzima na dari ya jipsamu iliyotobolewa.

Nilijifunza namna ya kuivuta kwa fundi umeme mmoja mtu mzima tuliyefanya naye kazi kanisani. Tulikuwa na kebo mpya ya kutoka kwenye roshani hadi projekta ya mbele.

"Shikamoo mzee. Tuanze kuvuta?"

"Marahaba. Umeiwasha?"

"Bado, mzee. Ni mpya, hata boksi halijafunguliwa."

"Basi hatuvuti. Itandaze hapa chini nione picha."

Tuliitandaza yote kwenye njia ya katikati ya viti, laptopu mwisho mmoja, projekta mwisho wa pili, tukaiacha imewaka huku yeye akinywa chai. Kisha akazungushia teipu nyekundu upande wa kompyuta mara mbili: kwenye shingo ya kichwa, na tena kama mita moja nyuma yake, kwa sababu alijua kichwa kitafunikwa. Kichwa akakivisha nailoni na kukifunga. Springi ya kuvutia hakuifunga kwenye kichwa. Aliilaza sambamba na kebo, akafunga teipu kwa urefu wa kiganja ili nguvu ishikwe na ganda. Na bomba alikuwa ameshalaza la milimita 32, lenye mikunjo mipana, bila elbo hata moja. Kichwa cha HDMI na plastiki yake kina upana wa kama sentimita mbili. Kwenye bomba la milimita 20 ambalo mafundi wengi hulaza kwa mazoea, kisingepita.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa wananicheka kwa sababu kabla ya lolote nawauliza, "Umeiwasha?"

3. Uliza leza zinakula umeme wa nani

Kebo ya shaba haihitaji umeme wake yenyewe. Leza zinahitaji, na huuchota kwenye HDMI yenyewe: pini namba 18 hutoa volti 5, na kanuni inakilazimisha kifaa kutoa angalau miliampia 55 tu. Kifaa kinachotoa kiasi hicho hicho bila ziada, hasa laptopu inayopitia adapta ya USB-C ya bei rahisi, kinaweza kuziacha leza zikiwa na njaa. Dalili yake ni kebo inayofanya kazi na laptopu ya mzungumzaji wa kwanza na kugoma kwa wa pili. Kuna kebo zenye mkia mdogo wa USB wa kuongezea umeme. Mimi hununua hizo.

4. Jenereta upande huu, umeme wa gridi upande ule

Watu husifu faiba kwa umbali. Mimi kinachonivutia zaidi ni kwamba kioo hakipitishi umeme.

Chukua mahafali ya shule. Skrini na spika ziko jukwaani na zinakula jenereta la kukodi. Hema la mitambo liko ng'ambo ya uwanja na limevutiwa umeme kutoka darasa la karibu. Hapo una mifumo miwili ya umeme isiyojuana, kila mmoja na ardhi yake, kama ardhi ipo kweli, maana mara nyingi jenereta la kukodi huletwa bila nondo ya kuchomeka ardhini. Waya wa shaba unaotoka hemani hadi jukwaani unakuwa daraja kati ya mifumo hiyo. Tofauti ya volti iliyopo kati yake inapita kwenye ganda la waya wako wa picha. Kwenye sauti unasikia ngurumo nzito ya hezi 50. Kwenye picha unapata kukatika kusikoeleweka. Siku mbaya, mlango wa HDMI unakufa moja kwa moja.

Nimesimama karibu na kijana aliyeshika kichwa cha waya kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa kwenye fremu ya skrini. Aliruka nyuma, akacheka kwa aibu, akadhani ni jasho. Tuliweka mita kati ya kichwa kile na fremu ile: volti mia na kitu. Mkondo wake ulikuwa mdogo, lakini vijisehemu vya ndani ya laptopu havihitaji mkondo mkubwa ili viungue.

Faiba ikikaa katikati, daraja linavunjika. Mwanga unavuka, umeme unabaki kwao. Hata radi ya masika ikipiga karibu na uwanja, kioo hakiwi njia ya kuipeleka hemani. Hii haimaanishi usahau ardhi. Jenereta lichomekewe nondo, na afanye hivyo mtu anayeijua kazi hiyo. Faiba inalinda vifaa, haimlindi mtu aliyeshika fremu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kebo nyingi za HDMI zinazouzwa kwa jina la faiba zina shaba ndani. Kabla picha haijatoka, kompyuta na skrini huulizana: wewe unapokea ukubwa gani, unaruhusiwa kuonyesha filamu iliyolindwa? Mazungumzo hayo ni ya polepole, kwa hiyo watengenezaji wengi huyapitisha kwenye nyaya nyembamba za shaba kando ya nyuzi za kioo, pamoja na ile volti 5. Kebo hiyo inakupa umbali, haikupi utengano wa umeme. Na shaba hiyo nyembamba ikichoka, leza zinaweza kuwa nzima kabisa na bado skrini ikaandika hakuna picha, kwa kuwa vifaa havikusalimiana. King'amuzi cha mpira ndicho msumbufu kuliko vyote kwa sababu ya ulinzi wa matangazo. Ipo aina isiyo na shaba kabisa, ambayo hata mazungumzo huyapitisha kwa mwanga. Ni ghali zaidi na huhitaji umeme wake upande wa skrini. Kwa kazi za jenereta, ni hiyo au njia nyingine nitakayoieleza.

5. Msikunje kwenye kiwiko

Uzi wa kioo una unene wa maikroni 125, yaani thumuni ya milimita. Mwanga unasafiri kwenye kiini chake cha ndani, na unabaki humo kwa sababu unagonga ukuta kwa pembe ya mlalo na kurudi ndani. Kunja uzi kwa ukali, pembe inabadilika na mwanga unavujia nje. Kunja zaidi, kioo kinapasuka, na ganda la nje halitakuonyesha alama yoyote.

Sherehe ikiisha saa nane usiku, kila mtu anataka kulala. Vijana wa kubeba wanachukua kebo na kuiviringa kati ya kiganja na kiwiko kama kamba ya mbuzi. Kila mzunguko unaongeza msokoto mmoja, kesho yake ukiivuta inajifunga mafundo. Njia sahihi ni kuilaza kwa mizunguko mipana, mmoja kwa juu, unaofuata kwa chini, ili msokoto ujifute wenyewe. Nimeweka utaratibu kwamba faiba inakusanywa na mtu mmoja tu, na mtu huyo habebi spika.

Kwenye milango tunaweka daraja la mpira la kufunika nyaya. Lakini adui mkubwa ni kiti cha plastiki. Mgeni mwenye mwili akikaa, mguu wa kiti unabonyeza kebo sehemu moja ndogo kwa saa nne mfululizo. Ndiyo maana tunapita ukutani hata kama njia ni ndefu zaidi. Mita za ziada kwenye faiba hazigharimu picha.

6. Uchafu ulitoka ndani ya kioo, ukabaki usoni

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, waliandika kwamba kinachoumeza mwanga ndani ya kioo ni uchafu uliomo, na kwamba kioo kikisafishwa kinaweza kubeba mawasiliano. Wakati huo lengo lilikuwa kupoteza si zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia moja tu ya mwanga ifike. Kampuni ya Corning ilivuka kiwango hicho mwaka 1970, na Kao alipata Nobel ya fizikia mwaka 2009. Uzi wa leo wa njia moja (single-mode) hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1310. Kwa mita mia za ukumbi, hasara hiyo ni ndogo kiasi kwamba vifaa vya kawaida vya fundi haviioni.

Kichwa kimoja kichafu, hata hivyo, kinaweza kula desibeli nzima, sawa na karibu kilomita tatu za kioo. Kiini cha uzi wa njia moja kina maikroni 9 tu. Punje moja ya vumbi la uwanjani inakiziba. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate, na kufuta kwa shati kunaongeza mafuta ya mwili. Nabeba kalamu ya kusafishia ya kubonyeza, pombe safi ya isopropili, na vitambaa visivyoacha nyuzi. Vifuniko vya vichwa vinarudishwa mara tu kebo inapochomolewa. Usichungulie ndani ya uzi kuona kama unawaka: mwanga wa 1310 hauonekani kwa jicho, na jicho linaweza kuumia hivyo hivyo.

Rangi nazo zina maana. Ganda la njano ni la njia moja, la samawati-kijani ni la njia nyingi. Kichwa cha kijani kimesuguliwa kwa mshazari, cha bluu kimenyooka; ukivikutanisha, mwanga unapotea na nyuso zinaweza kukwaruzana.

Kebo ya HDMI ya faiba imeepuka balaa hili lote, kwa kuwa nyuso za kioo zimefungiwa ndani ya kichwa na hakuna vumbi linaloingia. Hiyo ni sifa yake kubwa. Ubaya wake unafuata.

7. Kebo ya ukutani si kebo ya kukodisha

Kichwa cha HDMI ya faiba kikivunjika, kebo imekufa yote. Hukati ukaunga, hubadilishi kichwa. Kwenye ukuta wa kanisa, ambako haiguswi kwa miaka, sina neno nayo, mradi ilazwe akiba pembeni yake. Kwa kebo inayokunjuliwa kila Jumamosi, naona ni hasara.

Kwa kukodisha natenganisha kebo na vichwa. Picha inatoka kwenye mikisa kwa SDI, mfumo wa vituo vya televisheni, unaotumia kichwa cha BNC kinachojifunga kwa robo mzunguko, hivyo mtu akijikwaa hakichomoki. SDI ya HD inabeba biti bilioni 1.485 kwa sekunde, na kwenye waya mzuri wa koaksi peke yake inafika kama mita mia. Ikizidi hapo, au penye jenereta, naiingiza kwenye kigeuzi kidogo, inapita kwenye uzi mmoja wa njano, inatoka kwenye kigeuzi cha pili. Vigeuzi vya kawaida vya uzi wa njia moja vimetengenezwa kwa kilomita kumi. Magari ya matangazo ya mpira hufanya jambo hilo hilo kwa kebo moja ya kamera yenye nyuzi mbili za kioo na nyaya za kupeleka umeme pamoja.

Faida ya kuwa Dar es Salaam siku hizi ni kwamba uzi wa njano wa njia moja ndio huo huo unaoingiza intaneti majumbani. Ukikatika, namwita kijana wa kuunga faiba, anakuja na mashine yake ya cheche, anaunga na kuondoka. Kigeuzi kikiungua, nabadilisha kigeuzi tu. Kasoro moja: filamu au matangazo yaliyolindwa hayavuki kutoka HDMI kwenda SDI. Mteja akitaka mechi ya king'amuzi kwenye skrini kubwa, namwambia mapema.

8. Midomo ikichelewa, usiilaumu faiba

Mwanga kwenye kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mita 300 ni maikrosekunde moja na nusu. Kinachochelewesha picha ni kamera, mikisa na mashine ya skrini, kila moja ikishikilia fremu moja au mbili, na fremu moja ya kasi ya 50 ni milisekunde 20. Sauti nayo angani inatembea kama mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita mia kutoka kwenye spika anaisikia ikiwa imechelewa kwa zaidi ya robo sekunde. Mbishane na fundi sauti, si na kebo.

9. Namna ya kuiandika kwenye ankara

Nilikuwa naandika "kebo" kwenye orodha ya gharama, na kila kamati ilianza kukata pale pale. Mweka hazina mmoja wa kamati, mama mkali wa hesabu, aliniuliza kwa nini waya ulipiwe pesa hiyo wakati kwao dukani kuna wa elfu kumi. Siku hizi naandika "kupeleka picha mita 80, njia mbili, ya pili akiba", kisha naweka bei. Wanauliza njia ya pili ni ya nini, nawaeleza, na wengi hulipa. Wasiotaka kulipa nawaomba kitu kimoja: wanisogezee meza karibu na jukwaa, nifunge shaba ya mita kumi, na wao wavumilie kuniona kwenye picha za harusi.